Kabla ya Kuushika Mgongo wa Mtu: Njia ya Kusomea Kairopraktiki Kutoka Kakamega



Ni nadra kuikuta nyumba yetu yoyote, iwe Mombasa, Lamu au Mumias, ambayo haina mtu anayelalamikia mgongo. Mama aliyeketi juu ya mbuzi akikuna nazi kwa miaka 30, dada aliyebeba ndoo za maji tangu utotoni, baba aliyepakia magunia katika malori, wote hao hufikia siku ya kuinuka kitandani kwa kushikilia ukuta. Haishangazi basi kwamba vijana wetu huvutiwa wanapotazama katika simu zao watabibu wanaonyoosha migongo ya watu mpaka viungo vikalia. Na baadhi yao, hasa mabinti, sasa huwauliza wazazi wao: kazi hii inasomewa wapi, na mimi naweza kuisomea?

Swali hilo ni zuri, na linastahili jawabu kamili. Wiki hii tumeona tulijibu kwa kumtazama mwanafunzi aliyeko Kakamega. Sababu ya kwanza ni kuwa watoto wetu wengi wa Pwani hupangiwa vyuo vya mbali na kwao na KUCCPS, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kilichoko mjini Kakamega, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, ni kimojawapo. Sababu ya pili ni kuwa Kakamega si ugenini kama wengi wanavyodhani. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilikuwa ikifika Mumias, penye makao ya Nabongo wa Wawanga, na tangu zama hizo kuna familia za Kiislamu zilizozaliwa, zikakulia na kuzikana huko. Yatakayosemwa hapa yanawahusu wao pamoja na sisi.

Taaluma yenyewe ni ipi

Kairopraktiki ni tiba ya mikono inayoshughulika na uti wa mgongo, viungo na misuli. Aliyeianzisha ni D. D. Palmer, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, mwaka 1895. Miaka miwili baadaye alifungua chuo cha kuifundisha, na chuo hicho kingalipo hadi leo.

Hata hivyo, kutibu mifupa kwa mikono kulikuwapo zamani sana kabla ya Palmer. Abul Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyeishi miaka 1,000 iliyopita, alitenga sehemu ya kitabu chake kikubwa cha tiba, al-Tasrif, kueleza namna ya kuunga mifupa iliyovunjika na kurejesha viungo vilivyoteguka, pamoja na pingili za mgongo. Na hapa kwetu, mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto katika siku zake 40, na mikono ya mkandaji stadi huheshimiwa mtaani kote. Kwa hiyo mwanetu anayetaka kuwa mtabibu wa mikono hatoki katika mila zetu, bali ataka kuongeza elimu juu ya jambo tulilolijua.

Lakini ni wajibu wetu kusema ukweli wote. Palmer alidai kwamba karibu kila maradhi chanzo chake ni pingili zilizohama mahali pake na kuibana mishipa ya fahamu. Dai hilo sayansi haikulithibitisha, na taaluma yenyewe imegawanyika juu yake: wako wanaolishikilia bado, na wako walioliacha wakabaki na kazi ya maumivu ya mgongo, shingo na viungo. Hata ule mlio unaowavutia vijana si mfupa uliorudi mahali pake. Ni hewa iliyomo katika majimaji ya kiungo inayofanya povu pale kiungo kinapovutwa ghafla. Mlio waweza kusikika bila nafuu kupatikana, na nafuu yaweza kupatikana bila mlio.

Lililothibitika ni dogo kuliko matangazo, na bado lina faida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini. Mwezi Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo wa kuwatibu watu wazima wenye maumivu ya namna hiyo yaliyokuwa sugu. Miongoni mwa yaliyopendekezwa ni kumwelimisha mgonjwa, mazoezi ya mwili, tiba za kusaidia moyo na fikra, na baadhi ya tiba za mikono, ikiwamo kunyoosha uti wa mgongo na kukanda. Tazama kwamba tiba ya mikono imewekwa pamoja na nyingine. Haikusimamishwa peke yake. Mwanafunzi anayeingia katika taaluma hii akijua mpaka wake atakuwa mtabibu bora kuliko anayeingia akiamini kwamba vidole vyake vitaponya kisukari na pumu.

Inasomewa wapi

Hapa Kenya hakuna chuo kinachotoa shahada ya kairopraktiki. Anayeitaka lazima asafiri, na kila nchi ina mlango wake.

Mlango ulio karibu zaidi ni Afrika Kusini. Durban University of Technology na University of Johannesburg hufundisha taaluma hii: mwanafunzi husoma shahada ya kwanza ya sayansi za afya katika kairopraktiki kwa miaka 4, kisha huendelea na shahada ya uzamili kabla ya kusajiliwa kutibu. Huko mtu huweza kuingia kwa cheti chake cha sekondari bila kupitia shahada nyingine, ilimradi alama za hesabu na sayansi zitoshe na cheti chake cha kigeni kitambuliwe. Familia nyingi hazilijui hilo. Kama nia ya mwana imeshathibiti tangu kidato cha nne, njia hii yaweza kumwokolea miaka.

Nchini Uingereza kuna chuo cha Bournemouth, kilichoanzishwa mwaka 1965, na watabibu wa huko wana sheria yao tangu mwaka 1994 na baraza linalowasajili. Marekani ndiko vyuo viliko vingi zaidi, na huko ndiko shahada ya kwanza inakohitajika kama matayarisho. Kanuni ya kawaida ya vyuo vinavyotambuliwa huko ni kwamba mwombaji awe amekamilisha saa 90 za masomo kwa hesabu ya mihula yao, ambayo ni sawa na takriban miaka 3 ya chuo kikuu. Kati ya hizo, 24 ziwe za sayansi za uhai na sayansi za maumbile kama vile biolojia, kemia na fizikia, na angalau nusu ya hizo 24 ziwe na kazi ya maabara. Wastani wa alama zake usipungue 3.0 katika kipimo cha 4.0. Akishakubaliwa husoma takriban miaka 4 mingine, kisha hukabiliana na mitihani ya bodi ya taifa, wa mwisho ukiwa wa vitendo.

Mzazi asidhani hiyo ni kozi ya miezi michache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 kuhusu mafunzo ya taaluma hii ulitaja kiwango kisichopungua saa 4,200 za kufundishwa ana kwa ana, na ndani yake saa 1,000 za kutibu chini ya usimamizi. Akitokea mtu mjini akakuambia atamfunza binti yako kunyoosha migongo kwa wiki sita na kumpa cheti chenye muhuri, umejua la kumjibu.

Shahada ya kwanza ichaguliwe vipi

Tuchukue mfano wa binti aliyepangiwa Masinde Muliro, naye ana nia ya kwenda Marekani kusomea kairopraktiki. Asome nini hapo Kakamega?

Kosa la kawaida ni kuiona shahada ya kwanza kama chumba cha kungojea, mahali pa kukaa mpaka safari ifike. Ushauri wetu ni kinyume chake: achague shahada ambayo, ikiwa safari haitafika kamwe, itamsimamisha kwa miguu yake mwenyewe. Visa huweza kukataliwa. Baba huweza kuugua. Sarafu yetu huweza kushuka thamani katikati ya mwaka wa masomo. Binti mwenye shahada ya uuguzi aliyesajiliwa na baraza lake bado ana kazi, heshima na wagonjwa wa kuhudumia. Binti aliyekusanya masomo ya kuombea chuo cha ng'ambo pekee, bila fani yoyote inayotambulika nyumbani, atajikuta na cheti kisichofungua mlango wowote.

Uuguzi hufundishwa hapo Masinde Muliro, na ni msingi mzuri, kwani mwuguzi hujifunza mwili mzima na hujifunza kukaa na mgonjwa. Shahada ya sayansi katika biolojia au kemia nayo hutimiza masharti ya vyuo vya Marekani, ingawa ajira yake hapa ni ngumu zaidi. Iliyo karibu zaidi na kairopraktiki ni fiziotherapia. Hiyo hufundishwa kwa ngazi ya diploma na KMTC, na kwa ngazi ya shahada katika vyuo vikuu kama JKUAT. Fiziotherapia ina sheria yake Kenya ya mwaka 2014 na baraza lake la kusajili. Wapo vijana ambao, wakiichunguza vizuri, huona kwamba kile walichokipenda katika kairopraktiki kimo humo, tena bila kuvuka bahari. Wazazi wawape watoto nafasi ya kulifikiria hilo kwa utulivu kabla ya kuuza kiwanja.

Iwe amechagua shahada gani, yako mambo ambayo mwanafunzi hana budi kuyafanya kila mwaka.

Mwaka wa kwanza aikamate kemia na fizikia. Wengi huzichukia, lakini fizikia ndiyo inayoeleza kwa nini mzigo ulioshikwa mbali na mwili huelemea kiuno zaidi kuliko ulioshikwa karibu na kifua, na elimu hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku hapo baadaye. Asiruke saa za maabara, kwa kuwa zitahesabiwa.

Mwaka wa pili ajitoe kwa anatomia na fiziolojia. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake kuna mfupa wa nyonga ya nyuma na kifandugu, ambavyo ni pingili zilizoungana. Kati ya pingili na pingili kuna visahani vya gegedu, na jozi 31 za mishipa ya fahamu hutoka pembeni. Hayo si ya kukariri kwa ajili ya mtihani kisha yakasahauliwa. Ayajue kama anavyoijua njia ya kwenda kwao usiku.

Mwaka wa tatu atafute kuona wagonjwa. Hospitali Kuu ya Kaunti ya Kakamega iko hapo hapo mjini. Aandike barua kwa adabu, apitie idara yake chuoni, aombe kukaa katika chumba cha fiziotherapia wakati wa likizo, atazame na asaidie anapoagizwa. Vyuo vya ng'ambo hupenda kuona kwamba mwombaji anaijua kazi anayoiomba. Na yeye mwenyewe atapata kujua mapema kama anaweza kustahimili siku nzima ya kusimama, kuinua na kusikiliza vilio.

Mwaka wa mwisho ni wa makaratasi. Aombe nakala rasmi ya alama zake, na pamoja nayo maelezo ya kila somo alilolisoma, saa zake za darasani na za maabara, yakiwa na muhuri wa idara. Vyuo vya nje hutaka vyeti vitathminiwe na mashirika maalumu, na tathmini hukwama pale maelezo ya masomo yanapokosekana. Kuyapata ukiwa bado mwanafunzi ni kutembea kutoka jengo moja hadi jingine. Kuyapata baada ya miaka mitatu, ukiwa Mombasa, ni safari ya usiku kucha kwa basi na huenda usimkute mhusika.

Elimu ya kujua pasipoguswa

Tumefika kwenye jambo ambalo twaona ndilo kiini cha maandalizi yote. Mtu akija kwa mtabibu wa mgongo akasema "naumwa kiuno", maumivu hayo mara nyingi hutokana na misuli na viungo, na hupungua kwa kujongea na kwa muda. Lakini mara chache huwa ni dalili ya jambo jingine kabisa, na hapo mkono wenye nguvu huweza kumlemaza mtu aliyeingia akitembea.

Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huweza kuingia katika pingili za mgongo, kikazila polepole mpaka zikaporomoka, na mgonjwa akafanya nundu au akapooza miguu. Dalili zake za mwanzo ni maumivu ya mgongo yasiyotulia hata usiku, kupungua uzito, homa na jasho. Kenya ingali nchi yenye wagonjwa wengi wa kifua kikuu. Mtabibu ambaye hakufundishwa kuuliza maswali hayo atamlaza mgonjwa huyo kitandani na kuusukuma mfupa uliokwisha kuoza.

Kuna selimundu, ugonjwa wa damu ambao katika maeneo ya magharibi mwa Kenya umezagaa kuliko sehemu nyingi za nchi. Mtoto mwenye selimundu hupatwa na maumivu makali ya mifupa na mgongo kwa sababu damu haifiki ipasavyo, na kichwa cha mfupa wa paja lake huweza kufa. Yeye ahitaji maji, dawa ya maumivu na hospitali. Kumvuta na kumkunja ni kumdhulumu.

Kuna saratani ya titi au ya tezi dume iliyosambaa hadi kwenye uti. Kuna mifupa ya bibi iliyokonda kwa umri, ambayo huvunjika kwa kikohozi. Kuna mgonjwa ambaye ghafla hawezi kuzuia haja ndogo na amekufa ganzi baina ya mapaja: huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana mishipa yake ya fahamu inabanwa na kila saa ina thamani. Na kuna shingo, ambamo hupita mishipa ya damu inayolisha ubongo. Kuizungusha shingo kwa nguvu kumewahi, kwa nadra, kupasua mshipa na kuleta kiharusi.

Basi mwanafunzi wa Kakamega anayetaka kairopraktiki asione kwamba yuko mbali na elimu yake. Wodi za hapo, zahanati za vijijini, na wagonjwa wanaoteremka kwenye bodaboda wakiwa wameshika viuno, ndio watakaomfunza maswali ambayo hana budi kuyauliza. Kunyoosha pingili atafundishwa ng'ambo. Kutambua pingili isiyopaswa kuguswa aanze kujifunza hapa. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

Sitara ya wanawake

Kwa nini tumewataja mabinti hasa? Kwa sababu mwanamke wa Kiislamu mwenye maumivu ya kiuno baada ya uzazi mara nyingi huyanyamazia. Hataki kufunua mgongo wake mbele ya mwanamume, na pengine mumewe pia hapendi. Wanazuoni hueleza kwamba dharura ina hukumu yake na kwamba tabibu wa kiume huruhusiwa pale wa kike anapokosekana. Pamoja na hayo, mama wengi huchagua kuumia kuliko kuona haya. Kila binti anayehitimu katika tiba ya viungo huwaondolea wanawake wengi dhiki hiyo, iwe Kakamega au Kisauni.

Lakini jambo hilo hilo lina upande wa pili ambao wazazi huugundua wakiwa wamechelewa. Katika vyuo vya kairopraktiki wanafunzi hufanya mazoezi wao kwa wao. Hupapasana migongo, mabega na nyonga, na mara nyingi huvaa gauni lililo wazi nyuma. Kabla ya kulipa hata senti moja, binti akiandikie chuo na aulize waziwazi: je, ataweza kupangwa na wanawake wenzake? Je, ataweza kujisitiri kwa namna gani wakati wa mazoezi na wakati wa mitihani? Chuo kizuri kitamjibu kwa maandishi. Vilevile aulize kuhusu masomo ya anatomia yanayotumia miili ya maiti, na amshauri mwanazuoni anayemwamini, ili ndani ya darasa asiwe na mashaka moyoni.

Fedha, na siku ya kurudi

Karo ya vyuo vingi vya Marekani kwa miaka yote ya kozi hii hupita dola 100,000, kabla ya kodi ya nyumba na chakula. Afrika Kusini ni nafuu zaidi, lakini miaka ni mingi na mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji. Familia zetu huogopa riba, na zina haki ya kuogopa. Hata mkopo wa HELB wa hapa nyumbani hutozwa asilimia 4. Kwa hiyo hesabu ifanywe mapema na wazi, mbele ya binti mwenyewe: ni kiasi gani kipo, ni kiasi gani kitachangwa na jamaa, na ni mwaka upi pesa zitakapokwisha. Tumeona harambee za kumpeleka mtoto uwanja wa ndege zikifana, kisha mwaka wa pili simu zikawa hazipokelewi. Mchango wa kweli ni ule unaofika mpaka mwaka wa mwisho.

Ipo njia ambayo twaipenda kwa usalama wake. Binti amalize shahada yake ya kwanza iliyo na fani, afanye kazi miaka miwili au mitatu Kakamega au popote, aweke akiba, kisha aombe chuo akiwa mtu mzima mwenye uzoefu. Atakuwa amechelewa kidogo, na ndoa na watoto huweza kuingia kati. Hilo nalo liongelewe na mchumba kabla ya posa kukubaliwa, wala lisifichwe. Lakini atakuwa amekwenda akijua anachokifuata, na akirudi mikono mitupu, Mungu aepushe, bado atakuwa na kazi yake.

Na kuhusu kurudi: kabla ya kuondoka aulize Wizara ya Afya na mabaraza ya wataalamu ni kwa utaratibu gani mwenye shahada ya kairopraktiki kutoka nje huruhusiwa kutibu Kenya, na apate jawabu kwa maandishi. Mwenye usajili wa uuguzi au wa fiziotherapia mkononi atakuwa na mahali pa kusimama wakati mambo hayo yakishughulikiwa. Hii ni sababu nyingine ya kuitunza ile shahada ya kwanza.

Wazazi wenzetu, mtoto akija na ndoto ya namna hii, tusimcheke kwa kuwa hatujalisikia jina la taaluma, wala tusikimbilie kuuza shamba kwa kuwa jina linapendeza. Tuketi naye tumwulize maswali matatu: ukikosa visa utakuwa nani? Ni mgonjwa gani ambaye hutamgusa? Na nani atalipa mwaka wa tatu? Akiwa na majibu, tumwombee dua na tumsaidie. Akiwa hana, tumpe muda ayatafute. Kakamega ina maktaba, ina maabara, ina hospitali, na ina wagonjwa wa kumfunza.

Wabillahi tawfiq.